Santuri za Kale katika Masikio Mapya: Usafishaji na Utoaji Upya wa Rekodi za Awali za Jazi na za Misitu ya Kongo

1. Utangulizi

Barabara itokayo Kisangani kwenda mashariki huingia msituni mara tu baada ya kuuacha mji. Baada ya kilomita 260 hivi hufika Bafwasende, katika bonde la mto Lindi, kisha huendelea hadi Nia-Nia, Epulu na Mambasa. Pembezoni mwa barabara hiyo, katika karne iliyopita, wageni kadhaa walinasa sauti za wenyeji: nyimbo za uwindaji, ngoma za jando, likembe na mazungumzo ya ngoma za mti. Sauti hizo zilisafirishwa zikahifadhiwa Ulaya, Marekani na Afrika Kusini. Tangu miaka ya 1990 nyingi zimesafishwa na kutolewa upya kwa ajili ya wasikilizaji wa siku hizi.

Makala haya yanakusudia kuichunguza kazi hiyo ya usafishaji kwa jicho la historia na la isimu. Hoja yetu ni kwamba anayesafisha santuri ya kale anafanya kazi ileile ya mhariri wa miswada. Anachagua, anafuta, anasahihisha na anatia majina. Uamuzi wake unageuka kuwa "chanzo" kwa wote watakaomfuata. Kwa hiyo haifai kazi hiyo iachwe mikononi mwa mafundi wa mitambo peke yao, hasa pale sauti zinazohusika ni za lugha ambazo maandishi yake ni machache. Tutaanza na jazi ya Marekani, kwa kuwa ndiyo iliyoyazusha mapema mabishano juu ya suala hili, na kwa kuwa neno lenyewe jazi lina historia yake hapa kwetu.

2. Jazi kama neno, na utoaji upya kama chimbuko

Santuri inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya jazi ilirekodiwa New York mwezi Februari 1917 na Original Dixieland Jass Band. Mwaka 1923 bendi ya King Oliver, akiwemo kijana Louis Armstrong, ilirekodi mjini Richmond, Indiana. Wakati huo hapakuwa na maikrofoni. Wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa iliyopeleka mtikisiko wa hewa moja kwa moja kwenye sindano iliyochonga nta. Urekodi wa umeme ulianza mwaka 1925.

Katika Afrika Mashariki na Kongo neno jazi lilipokelewa kwa maana nyingine. Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ya mwaka 1944, African Jazz ya Joseph Kabasele ya mwaka 1953 na OK Jazz ya mwaka 1956 hazikuwa bendi za kupiga muziki wa New Orleans. Kwetu jazi lilikuwa jina la bendi ya dansi yenye ala za kisasa, na msingi wa muziki wake ulitoka zaidi Kuba kuliko Marekani ya Kaskazini.

Jambo hili lina sababu ya kihistoria ambayo ni muhimu kwa mada yetu. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Gramophone ya Uingereza iliuza barani Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV. Santuri hizo hazikurekodiwa kwa ajili ya Waafrika. Zilichaguliwa kutoka hazina ya kampuni ya Victor ya Marekani, zikapewa nambari mpya na kuuzwa upya. Miongoni mwake ulikuwamo wimbo "El Manisero", uliorekodiwa New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazu kutoka Havana. Kwa maneno mengine, muziki uliowafundisha vijana wa Leopoldville na Stanleyville dansi ya Kikuba ulikuwa muziki uliotolewa upya. Mtu fulani katika ofisi ya mbali aliteua nyimbo hizi na kuziacha zile, na uteuzi wake ukageuza historia ya muziki wa bara zima. Utoaji upya, basi, haujawahi kuwa kazi ya kuhifadhi tu. Ni kazi inayozaa mambo.

3. Leopoldville, mto, na msitu

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wafanyabiashara wa Kigiriki walifungua studio mjini Leopoldville. Nicolas Jeronimidis alianzisha Ngoma mwaka 1948, na ndugu Papadimitriou wakaanzisha Loningisa mwaka 1950. Kati yao ilisimama Opika ya ndugu Benatar. Mwaka 1948 Wendo Kolosoy, aliyekuwa fundi mitambo katika meli za mtoni, alirekodi Ngoma wimbo "Marie-Louise" pamoja na mpiga gita Henri Bowane. Ilivuma kwamba wimbo huo, ukipigwa usiku wa manane, huwafufua wafu. Inasimuliwa kwamba viongozi wa kanisa walighadhibika, Wendo akalazimika kuondoka Leopoldville, na hatimaye akafungwa kwa muda hapa Stanleyville. Hivyo mji wetu umo katika historia ya santuri hizo, hata kama kwa mlango wa gereza.

Mwaka 1996 nyimbo za Ngoma za mwaka 1948 hadi 1960 zilitolewa upya katika diski ya CD nchini Ujerumani. Santuri za Loningisa nazo zilipata kusikika tena kupitia wachapishaji wa Ubelgiji na wa Ufaransa.

Rekodi za msituni zilifuata njia nyingine. Mapema katika karne ya 20 Armand Hutereau alinasa sauti za watu wa Uele kwa mitungi ya nta, na mitungi hiyo ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Katikati ya miaka ya 1930 msafara wa Armand Denis na Leila Roosevelt ulipita Ituri na kwa Wamangbetu ukirekodi filamu na sauti. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alizuru Kongo ya Kibelgiji pamoja na mitambo yake. Alinasa muziki wa Katanga, wa Rwanda, wa pembezoni mwa msitu wa Ituri, wakiwemo Wabudu na Wambuti, na wa kando ya mto Kongo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, inayojulikana kwa kifupi ILAM, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1977 ilihamia Grahamstown. Mfululizo wake wa santuri uitwao Sound of Africa ulifikia santuri 210. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Michael Baird, mpiga ngoma mzaliwa wa Zambia anayeishi Uholanzi, alianza kuzisafisha na kuzitoa upya rekodi hizo kwa chapa yake ya SWP. Diski moja katika mfululizo huo inahusu ukingo wa msitu wa Ituri.

Naye Colin Turnbull, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha mwaka 1961 juu ya Wambuti, alinasa nyimbo zao huko Epulu katika miaka ya 1950. Kampuni ya Folkways ya New York ilizitoa kwa santuri. Baada ya hazina ya Folkways kuchukuliwa na taasisi ya Smithsonian mwaka 1987, nyimbo hizo zilitolewa upya kwa CD mwaka 1992.

4. Mabishano ya wasafishaji

Santuri ya kale, ile ya mizunguko 78 kwa dakika, ilifinyangwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliwekwa makusudi ili uikwangue sindano ya chuma na kuilinganisha na mfuo. Ndiyo maana santuri hizo zinachakarika hata zikiwa mpya. Ukiongeza vumbi, unyevu, nyufa na sindano butu za miaka mingi, utaelewa kwa nini msikilizaji wa leo, aliyezoea ukimya wa dijitali, husikia kelele kwanza na muziki baadaye.

Usafishaji una hatua zake. Kwanza hutafutwa nakala iliyo bora. Kisha santuri huoshwa. Hupimwa sindano za ukubwa mbalimbali, kwa kuwa sindano nene au nyembamba kuliko ya zamani hugusa sehemu ya ukuta wa mfuo ambayo haijaliwa. Huamuliwa kasi ya kuzungusha. Baada ya hapo ndipo huja uondoaji wa milipuko midogo na, mwishowe, upunguzaji wa mchakato unaoendelea chini ya sauti yote.

Ni hatua hizi mbili za mwisho zilizowagawa wasafishaji wa jazi. Upande mmoja alisimama John R. T. Davies wa Uingereza, mwanamuziki na fundi aliyefariki mwaka 2004. Kabla ya zama za kompyuta alikuwa akiondoa milipuko mmoja mmoja kwa kukwangua kwa wembe chembe za utepe wa sumaku pale mlipuko ulipokuwapo. Kanuni yake ilikuwa kuondoa kile tu ambacho hakikupigwa na mwanamuziki, na kuuacha mchakato ubaki ikiwa kuuondoa kutaigusa ala. Upande wa pili alisimama Robert Parker wa Australia, ambaye katika miaka ya 1980 aliwapatia wasikilizaji wengi wa redio jazi ya miaka ya 1920 ikiwa imepunguzwa mchakato kwa nguvu na kutandazwa ili isikike kana kwamba inatoka pande mbili za chumba. Wapo waliomshukuru kwa kuwa bila yeye wasingemsikiliza kabisa King Oliver. Wapo waliomlaumu kwa kuuza ukumbi ambao haukuwapo.

Hatuoni kwamba upande mmoja una haki yote. Santuri isiyosikilizwa na mtu ni kaburi. Lakini santuri iliyosafishwa hadi ikapoteza alichokiimba mwimbaji ni kaburi lenye jina la mtu mwingine.

5. Kinachofutwa: mtazamo wa fonetiki

Wabishani wa jazi walizungumza juu ya tarumbeta na klarineti. Sisi tunaoshughulika na lugha tuna hasara nyingine ya kuhesabu, nayo ni hasara ya maneno.

Kwanza ni vikwamizo. Nguvu kubwa ya sauti kama /s/, /sh/ na /f/ imo katika mitetemo ya juu, elfu kadhaa kwa sekunde. Mchakato wa santuri nao unasikika zaidi papo hapo. Mtambo unaoagizwa kufuta mchakato hauna njia ya kujua kwamba sehemu fulani ya kelele ile ni konsonanti. Ukibanwa sana, unafuta yote mawili. Ndipo shaka na saka, shoka na soka, fuka na suka yanapokaribiana hadi msikilizaji asiyeujua wimbo akakisia. Kwa rekodi za pembe za kabla ya mwaka 1925 hali ni mbaya zaidi, kwani pembe haikunasa vizuri mitetemo iliyozidi kama 2,500 kwa sekunde. Kikwamizo kilikuwa kimekwisha kupotea kabla ya msafishaji kuzaliwa. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, wakati wa umeme, na bahati hiyo ya miaka mitatu ni sehemu ya sababu inayotuwezesha leo kujadili maneno yake.

Pili ni kasi. Si kila santuri iliyoandikwa 78 ilirekodiwa kwa kasi hiyo kamili. Ikiwa wimbo uliorekodiwa kwa mizunguko 78 utachezwa kwa 82, sauti yote inapanda karibu nusu toni. Mtu anaweza kudai kwamba kwa lugha za toni jambo hili halidhuru, kwa kuwa uwiano wa toni ya juu na ya chini unabaki palepale. Neno moto la Kilingala litaendelea kutofautisha mtu na kichwa kwa toni zake. Hilo ni kweli. Lakini irabu hazisalimiki, kwa sababu irabu hutambuliwa kwa mwangwi wa kinywa, na mwangwi huo hupanda pamoja na kasi. Katika lugha za msituni zenye irabu saba au zaidi, ambamo e finyu na e pana hutenganisha maana, mtafiti anayepima irabu kutoka nakala yenye kasi isiyo sahihi atakuwa akipima kinywa ambacho hakijawahi kuwapo.

Tatu ni ngoma ya mti. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu na kuandika mwaka 1949 kitabu juu ya ngoma zinazosema, alionyesha jinsi Walokele wanavyotuma habari kwa sauti mbili za ngoma, ya kiume na ya kike, zinazofuata toni za maneno. Msafishaji asiyejua hayo anaweza kupunguza uvumi wa chini akidhani ni mngurumo wa mtambo, na kumbe anapunguza nusu ya sentensi. Anachokiita kusawazisha sauti ni kuingilia sarufi.

6. Maneno yanayoambatana na diski

Diski iliyotolewa upya haiji peke yake. Huja na kijitabu chenye majina ya nyimbo, ya waimbaji, ya makabila na ya lugha, na mara nyingine na tafsiri. Hapa mwanaisimu hana kisingizio cha kusema mitambo si kazi yake.

Tuchukue mfano wa Kiswahili chenyewe. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Tracey huko Jadotville mwaka 1952, aliimba kwa Kiswahili cha Katanga. Kiswahili cha Kisangani, ambacho wengi walikiita Kingwana, kina historia inayorudi hadi wakati wa watu wa Tippu Tip katika maporomoko ya Stanley, na kimekua bega kwa bega na Kilingala cha mtoni na cha jeshini. Lahaja hizi zinasema batu, batoto na bitu pale Kiswahili sanifu kinaposema watu, watoto na vitu. Zinasema mu nyumba pale sanifu inaposema nyumbani. Mnukuzi aliyefunzwa Kiswahili cha pwani akiandika watoto mahali ambapo mwimbaji alitamka batoto, ameirekebisha lahaja kama vile mhandisi alivyoirekebisha kelele, na kwa nia njema ileile. Msomaji wa baadaye atahitimisha kwamba mwaka 1952 Wakongo waliimba kwa sanifu.

Wahariri wa tenzi wanalifahamu tatizo hili. Hati za Kiarabu zilizobeba tenzi zetu za kale hazikutenganisha daima e na i, wala p na b. Mhariri alilazimika kuamua. Wahariri wazuri walionyesha mahali walipoamua, wakaweka hati ya asili karibu na usomaji wao ili mwingine aweze kupinga. Hicho ndicho tunachokidai kwa santuri: sauti ghafi ihifadhiwe bila kuguswa, toleo lililosafishwa liwekwe kando yake, na hatua zote za usafishaji ziandikwe. Sindano ipi, kasi ipi, kichujio kipi, kwa kiasi gani. Na unukuzi uandike kilichotamkwa, si kilichotakiwa kutamkwa.

7. Kurudi nyumbani

Swali la mwisho ni la nani anasikiliza. Diski za Tracey na za Turnbull zinanunuliwa Utrecht, Washington na Tokyo kwa urahisi kuliko Bafwasende. Sababu zinajulikana: umeme, barabara, bei, na historia ya vurugu. Mwaka 1964 Stanleyville ilikuwa makao makuu ya waasi wa Simba. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani na kuua mamia ya raia. Katika mji uliopitia hayo, makusanyo ya nyumbani ya santuri na kanda hayakuweza kuwa na maisha marefu. Hivyo nakala iliyoko ng'ambo imekuwa, kwa nyimbo nyingi, nakala pekee. Hili ni jambo la kushukuru, na papo hapo ni jambo la kuulizia.

Kenya imeonyesha njia moja. Katika miaka ya 2010 maktaba ya ILAM, ikishirikiana na shirika la Ketebul Music la Nairobi, ilirudisha nakala za rekodi za Tracey katika vijiji zilimonaswa, pamoja na kwa Wakipsigis, ambao wimbo wao wa "Chemirocha" wa mwaka 1950 ulikuwa umepata sifa duniani. Urudishaji wa namna hii una faida mbili. Ya kwanza ni ya haki: mwenye sauti au mrithi wake anaisikia, na suala la malipo na idhini linaweza kuzungumzwa ana kwa ana. Ya pili ni ya elimu: wenyeji husahihisha majina, hutaja ala, na hueleza nani alikuwa akiimbiwa. Hakuna kichujio cha kompyuta kinachoweza kurudisha neno lililozama katika mchakato, ila mzee anayeujua wimbo anaweza kulitamka bila kufikiri.

Ujuzi huo una muda wake. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi Tracey alipopita mwaka 1952 alizaliwa mwaka 1942. Mitungi ya Tervuren, santuri za New York na kanda za Grahamstown zitadumu miaka mingi katika vyumba vyenye ubaridi. Wanaoweza kutuambia maneno yake hawamo katika vyumba hivyo.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba dansi yetu iitwayo jazi ilichipuka kwa sehemu kubwa kutokana na santuri zilizotolewa upya. Kwamba mabishano ya wasafishaji wa jazi ya Marekani yana mafunzo kwetu. Na kwamba kwa lugha za Tshopo na Ituri kinachoweza kufutwa ni konsonanti, irabu na toni, yaani maana yenyewe.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu kwa idara za lugha katika vyuo vikuu vya eneo hili. Kwanza, ziombe maktaba zinazomiliki rekodi za msituni zitoe nakala ghafi pamoja na zile zilizosafishwa. Pili, ziwape wanafunzi wa mwaka wa mwisho kazi ya kunukuu rekodi hizo kwa lahaja zilizomo, wakiwa wamekaa na wenyeji wa lugha husika, Kibali, Kibudu, Kilokele au Kingwana. Tatu, kila unukuzi urudishwe kwa maktaba ili uambatane na toleo lijalo, na nakala yake pamoja na sauti ibaki mahali wimbo ulipoimbwa. Kwa kazi hiyo hatuhitaji studio. Tunahitaji kifaa cha kuchezea sauti chenye betri, daftari, na safari ya kilomita 260 hadi Bafwasende wakati barabara inapitika.